Wincenty Witos, Mkulima Aliyekuwa Waziri Mkuu Mara Tatu

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tumepata kukaa jirani na Wapolandi pasipo kuijua sana nchi yao. Tangu mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi walifika huku kwetu, walio wengi wanawake na watoto. Warusi walikuwa wamewahamisha kwa nguvu kutoka makwao, na baadaye wakapitishwa Uajemi mpaka bara letu. Walijengewa vijiji Tengeru, karibu na Arusha, na Masindi na Koja katika Uganda. Tengeru peke yake walikaa watu kama 5,000. Makaburi yao yako huko hata leo, na kanisa walilolijenga Nyabyeya, karibu na Masindi, lingali limesimama.

Wengi wao walitoka katika jamaa za wakulima. Basi si vibaya tukisoma habari za mkulima mmoja wa nchi hiyo, jina lake Wincenty Witos. Mtu huyu alianza maisha kwa shoka na jembe, akawa jumbe wa kijiji chake, akawa mjumbe wa baraza la jimbo, na mwisho akawa Waziri Mkuu wa nchi nzima, tena si mara moja, bali mara tatu.

KUZALIWA NA KUKUA KWAKE

Ili tuyafahamu maisha ya Witos, kwanza tukumbuke msiba ulioipata Poland. Zamani ilikuwa ufalme mkubwa, lakini majirani zake watatu, yaani Urusi, Prusia na Austria, waliikata mapande wakagawana, katika miaka ya 1772, 1793 na 1795. Tangu hapo, kwa muda wa miaka 123, Poland haikuwa dola tena. Sehemu ya kusini iliyoitwa Galicia ilitawaliwa na Kaisari wa Austria.

Huko Galicia, katika kijiji cha Wierzchosławice karibu na mji wa Tarnów, Witos alizaliwa mwezi wa Januari, mwaka 1874. Wazazi wake walikuwa maskini. Shamba lao halikuzidi eka tatu, na chakula chake hakikutosha mwaka mzima. Kwa hiyo baba yake alikwenda kukata miti kwa ujira katika misitu ya ukoo wa Sanguszko, mabwana wakubwa wa upande ule, na mwanawe alipopata nguvu akamfuata na shoka lake.

Yafaa tujue hali ya wakulima wa Galicia siku zile. Babu zao walikuwa wakitumikishwa shokoa siku nyingi za juma katika mashamba ya mabwana, bila malipo, mpaka desturi hiyo ilipokomeshwa mwaka 1848. Lakini kukomeshwa kwa shokoa hakukuondoa umaskini. Misitu na ardhi iliyo bora ilibaki kwa mabwana. Mkulima aliyekutana na bwana njiani alivua kofia na kuinama. Wengi walivuka bahari kwenda Marekani kutafuta kazi, na wengine hawakurudi tena.

Witos alianza shule akiwa na umri wa miaka 10, akasoma miaka minne tu katika shule ya kijiji. Baada ya hapo hakuingia tena darasani. Elimu aliyokuwa nayo baadaye aliitafuta mwenyewe, kwa kusoma vitabu na magazeti baada ya kazi. Mwaka 1893, alipokuwa na umri wa miaka 19, gazeti moja la wakulima lilipiga chapa makala yake ya kwanza. Hakuweka jina lake la kweli. Alijiita Maciej Rydz, kwani kijana maskini aliyewasema wakubwa hadharani alikuwa akijitafutia taabu. Mwaka 1895 alichukuliwa katika jeshi la Austria, akatumika miaka miwili, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1898 akaoa. Mkewe aliitwa Katarzyna, nao wakajaliwa binti.

JUMBE WA KIJIJI NA MJUMBE WA JIMBO

Mwaka ule ule alioingia jeshini, chama cha siasa cha wakulima kilianzishwa katika mji wa Rzeszów. Chama hiki kilitaka wakulima wapate kura iliyo sawa na ya wengine, shule na ardhi. Witos alijiunga nacho, na mwaka 1903 akachaguliwa katika halmashauri yake kuu. Mwaka 1908 alichaguliwa kuingia Baraza la Jimbo la Galicia, lililokutana katika mji wa Lwów. Siku hizi mji huo umo katika nchi ya Ukraine, nao huitwa Lviv. Katika baraza hilo mabwana wenye ardhi walikuwa na viti vingi kuliko hesabu yao, na wakulima, ingawa ndio walioijaza nchi, walikuwa wachache. Hapo Witos alijifunza kazi ya kusema, kusikiliza, kupatana na kungoja.

Wakati huo huo watu wa Wierzchosławice walimfanya jumbe wao. Ujumbe huo haukuwa wa urithi, bali wa kuchaguliwa. Kazi yake ilikuwa kuangalia barabara, mifereji, shule, maskini na magomvi ya kijiji. Watu wengi wakipanda cheo huziacha kazi ndogo kwa dharau. Witos hakufanya hivyo. Alikuwa jumbe alipokuwa mjumbe wa Lwów, alikuwa jumbe alipochaguliwa mwaka 1911 kwenda katika Bunge la dola huko Vienna, na alikuwa jumbe alipokuwa Waziri Mkuu. Aliishika kazi hiyo zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 1931.

Jambo jingine lililomfanya ajulikane ni mavazi yake. Alivaa viatu virefu vya mkulima, na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni bila tai. Hivyo ndivyo alivyoingia Vienna, na hivyo ndivyo alivyopokea mabalozi wa mataifa akiwa Waziri Mkuu. Wengine walimcheka, na magazeti yakamchora katuni. Yeye hakubadili. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na Witos hakukubali kuwa mtumwa wa tai.

UHURU WA MWAKA 1918

Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza ilianza, na Galicia ikawa uwanja wa mapigano. Vijana wa Kipolandi walipigana wao kwa wao, kwa kuwa wengine walikuwa katika jeshi la Austria, wengine la Urusi, na wengine la Ujerumani. Mwaka 1918 dola ya Austria ilianza kuvunjika. Tarehe 28 Oktoba viongozi wa vyama vya Kipolandi walikutana Kraków, wakaunda kamati ya kuyapokea mamlaka ya Galicia kutoka kwa Waaustria, na mwenyekiti wake akawa Witos.

Kazi hii haikuwa ndogo. Dola imeanguka, askari wenye njaa wanarudi makwao na bunduki zao, reli ni za nani hakuna ajuaye, na mijini chakula ni haba. Hata hivyo siku tatu baadaye mji wa Kraków ulikuwa mikononi mwa Wapolandi, na mamlaka yakashikwa pasipo vita kubwa katika sehemu ya magharibi ya jimbo. Basi kabla Warszawa haijawa na serikali huru, mtu wa darasa la nne alikuwa amekwisha kuongoza serikali ya jimbo. Tarehe 11 Novemba, 1918, ndiyo siku Wapolandi waikumbukayo kuwa siku ya uhuru wao, na Bwana Józef Piłsudski akawa Mkuu wa Nchi. Mwanzo wa mwaka 1919 Bunge la kwanza lilichaguliwa, na Witos akaingia kama kiongozi wa chama cha wakulima kilichoitwa Piast.

WAZIRI MKUU WAKATI WA HATARI

Mwaka 1920 Poland ilikuwa vitani na Urusi ya Wabolsheviki. Mwezi wa Julai majeshi ya Urusi yalisonga mbele upesi kuelekea Warszawa, na serikali ya siku zile ikajiuzulu. Nani angeshika mahali pake? Wabolsheviki walikuwa wakiwaambia wakulima wa Poland kwamba watawagawia mashamba ya mabwana. Kama wakulima wangeyaamini hayo na kukaa nyumbani, jeshi lingekosa watu. Ilitakiwa serikali ambayo mkulima angeiona kuwa ni yake. Kwa hiyo Witos akaitwa kutoka kijijini, naye alikuwa shambani wakati wa mavuno. Tarehe 24 Julai, 1920, akawa Waziri Mkuu wa Serikali ya Ulinzi wa Taifa, na makamu wake akawa Bwana Ignacy Daszyński, kiongozi wa wafanya kazi. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 15 Julai, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuyapunguza mashamba makubwa ili wakulima wauziwe ardhi.

Witos aliwatolea wakulima mwito wa kuilinda nchi, akaenda mwenyewe kuwaona askari, na vijana wa vijijini wakaja kwa wingi. Tarehe 12 Agosti, siku moja kabla mapigano makubwa hayajaanza, Piłsudski alimpa Witos barua ya kujiuzulu kazi zake zote, ili atumie kama mambo yakiharibika. Hebu tufikiri ingalikuwaje kama habari hiyo ingalienea mjini na kambini siku ile! Witos aliikunja barua, akaiweka, asimwambie mtu. Vita vya Warszawa vilianza tarehe 13, na kabla ya mwisho wa mwezi Warusi walikuwa wameshindwa na kurudishwa nyuma mbali. Piłsudski akabaki katika cheo chake, na heshima yake ikazidi.

Serikali hiyo ilikaa mpaka Septemba, 1921. Katika siku zake Katiba ilipitishwa tarehe 17 Machi, 1921, na kesho yake mapatano ya amani na Urusi yakatiwa sahihi katika mji wa Riga. Alipoondoka katika kazi, Witos alirudi Wierzchosławice, akashika tena shamba lake.

MAMBO YALIPOHARIBIKA

Si haki kuandika habari za mtu mkubwa na kuyaficha yale yaliyomshinda. Mwezi wa Mei, 1923, Witos alipatana na vyama vya upande wa kulia, ambamo mabwana wenye mashamba walikuwa na nguvu, akawa Waziri Mkuu mara ya pili. Alidhani atapata kwao ardhi ya wakulima kwa masikilizano. Lakini baadhi ya watu wa chama chake walichukizwa, wakatoka. Kisha fedha ya Poland ikaoza. Bei za vitu zilipanda kila siku, na mshahara alioupata mfanya kazi Jumamosi haukuweza kununua Jumatatu kile alichokuwa amekikusudia. Hata fedha ilipobadilishwa mwaka 1924, mtu alitoa marka 1,800,000 za zamani ili apate zloti moja mpya.

Wafanya kazi wakagoma. Tarehe 6 Novemba, 1923, katika mji ule ule wa Kraków alikoongoza kamati ya uhuru miaka mitano nyuma, wagomaji na askari walipigana barabarani, wakafa watu wapatao 30 wa pande zote mbili. Mwezi wa Desemba serikali ikaanguka. Hapana shaka jambo hili lilimshusha Witos machoni pa watu wa mijini, wala hawakulisahau. Aliyeletwa madarakani mwaka 1920 kwa umoja wa mkulima na mfanya kazi, mwaka 1923 serikali yake ilipigana na wafanya kazi.

Mara ya tatu ilikuwa fupi na chungu. Tarehe 10 Mei, 1926, Witos aliunda serikali mpya pamoja na vyama vile vile. Tarehe 12 Mei, Piłsudski, aliyekuwa amekaa nje ya serikali kwa miaka mitatu, aliingia Warszawa na vikosi vilivyompenda. Askari wa Poland wakapigana na askari wa Poland kwa siku tatu, na watu 379 wakafa, wakiwamo raia 164. Rais Stanisław Wojciechowski na Witos walikuwa na majeshi mengine yaliyoitii sheria, na baadhi yake yalikuwa njiani kuja. Wangeweza kuendelea. Lakini waliona kwamba wakiendelea, nchi nzima itaingia katika vita vya ndugu, na majirani wenye tamaa wako tayari mashariki na magharibi. Tarehe 14 Mei wakajiuzulu.

Wako watu waliosema kwamba Witos alikosa moyo, kwa maana aliyechaguliwa kwa sheria hapaswi kumwachia kiti mwenye bunduki. Maneno hayo yana uzito, kwani baada ya siku ile Bunge la Poland halikupata tena nguvu zake. Lakini mimi naona ni vigumu kumhukumu. Mwaka 1920 alikuwa na barua ya Piłsudski mfukoni, naye angeweza kumwondoa kwa kalamu tu. Hakufanya, kwa ajili ya nchi. Mwaka 1926 Piłsudski alimwondoa yeye kwa risasi, naye akaondoka, kwa ajili ya nchi ile ile. Mara zote mbili aliyepoteza ni Witos, na mara zote mbili alijua kwamba atapoteza.

KIFUNGO NA UHAMISHO

Hakunyamaza. Vyama sita vya kati na vya kushoto viliungana kuudai utawala wa sheria, na tarehe 29 Juni, 1930, vikafanya mkutano mkubwa Kraków. Mwezi wa Septemba serikali iliwakamata viongozi usiku, Witos akiwa mmoja wao, ikawafunga katika ngome ya kijeshi ya Brześć. Humo wafungwa walitukanwa na kudhalilishwa, na wengine wakapigwa, ijapokuwa walikuwa wabunge na mawaziri wa zamani. Kesi yao ilianza Warszawa mwezi wa Oktoba, 1931. Walishitakiwa kwamba walikusudia kuipindua serikali kwa nguvu. Washitakiwa walikuwa 11, na waliohukumiwa kufungwa 10. Witos alipewa mwaka mmoja na nusu. Watu wengi wa Poland walishangaa kuona kwamba aliyepinduliwa kwa nguvu ndiye anayefungwa kwa kosa la kupindua.

Mwaka 1933, kabla ya kuanza kifungo hicho, alivuka mpaka akaenda Czechoslovakia, akakaa huko zaidi ya miaka mitano. Wakulima hawakumsahau. Mwezi wa Agosti, 1937, waligoma kwa siku kumi, wasipeleke chakula sokoni mijini. Katika mambo waliyoyadai, moja lilikuwa kwamba viongozi waliohamishwa warudi. Polisi waliwapiga risasi, na wakulima zaidi ya 40 wakafa. Jambo hili lapasa tulitazame vizuri. Mtu aliyekuwa hana cheo, hana fedha, tena yuko nchi ya mbali, watu walikuwa tayari kufa kwa ajili yake.

Machi, 1939, Wajerumani walipoingia Prague, Witos alirudi kwao mwenyewe, akakaa gerezani siku chache, akaachiliwa. Mwezi wa Septemba Wajerumani waliingia Poland pia, wakamkamata. Walitaka awafanyie serikali ya kuwatii, wakijua kwamba jina lake lingewatuliza wakulima. Alikataa. Wakamfunga mpaka mwaka 1941, kisha wakamrudisha kijijini chini ya ulinzi. Alikuwa na umri wa miaka 67, na afya yake imevunjika.

Wajerumani waliposhindwa mwaka 1945, wakaja Warusi pamoja na wakomunisti wa Kipolandi, nao pia wakalitaka jina lake. Walimtangaza kuwa makamu wa mwenyekiti wa baraza lao la taifa, lakini yeye hakwenda kukikalia kiti hicho. Chama cha wakulima kilipofufuliwa kikamchagua kuwa mwenyekiti wake, naye alikuwa mgonjwa sana. Alifariki Kraków tarehe 31 Oktoba, 1945, akazikwa Wierzchosławice, na umati mkubwa wa wakulima ukamsindikiza.

ALIYOYAACHA

Witos hakuacha mali nyingi. Aliacha shamba, ambalo kwa bidii yake lilikuwa kubwa kuliko lile la baba yake, na daftari za kumbukumbu zake, ambazo zilipigwa chapa kwanza Paris katika miaka ya 1960, kwani Poland ya wakati ule isingezikubali zote. Nyumba yake sasa ni makumbusho, na katika Warszawa iko sanamu yake, amesimama na viatu vyake virefu. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Poland iliitangua hukumu ya kesi ya Brześć. Haki ilichukua zaidi ya miaka 90, nao waliohukumiwa wote walikuwa wamekwisha kufa.

Ndugu wanafunzi, nanyi mliotutangulia katika shule hii, twaona hapa mtu aliyesoma miaka minne akaongoza nchi ya mamilioni ya watu. Asidhani mtu kwamba jambo hili ni sababu ya kudharau masomo. Witos mwenyewe alisoma maisha yake yote, na alidai shule kwa kila kijiji. Maana yake ni nyingine. Wengi wetu tunatoka katika nyumba za wakulima, na wazee wetu wameuza mazao, na pengine ng'ombe, ili tupate karo. Tukifaulu, kuna hatari ya kuiona elimu kuwa ni njia ya kulikimbia jembe na kuwaonea haya wale waliolishika kwa ajili yetu. Witos alitumwa na wakulima kwenda Lwów, Vienna na Warszawa, na kila mara kazi ilipokwisha aliwarudia, wakamwona yu mtu yule yule. Ndiyo sababu waliweza kumtuma tena.